Mwili Unavyomchongea Aliyeficha Bastola: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota kwa makeshia, walinzi, madereva wa teksi na ndugu waliotua Marekani juzi kutoka Mombasa, Dar au Bukavu, wakakuta nchi ambayo jirani anaweza kupanga foleni ya maziwa akiwa na bastola kiunoni. Mimi nimekaa kaunta ya duka la kituo cha mafuta Houston, shifti ya usiku, miaka sita. Kabla ya hapo nililinda mlango wa ukumbi wa sherehe. Kwa hiyo majibu yanahusu Marekani, hasa Texas. Mambo ya nyumbani yako swali la 16.

## Misingi

1. Kama imefichwa, inaonekanaje?

Yenyewe haionekani. Kinachoonekana ni mwili ukiihudumia. Chukua Glock 19, bastola ya kawaida kabisa huku: ikijazwa risasi hukaribia gramu 850. Sasa chukua pakiti ya sukari iliyobaki na uzito huohuo, ichomeke kwenye mkanda wa suruali upande mmoja, kisha panda ngazi, inama ufunge kamba za viatu, ingia kwenye gari na utoke. Kabla hujamaliza mkono utakuwa umeigusa mara tatu na hukumbuki hata moja.

Hapo ndipo ishara zote zinapotokea: uzito usiolingana pande mbili, kitu kigumu mahali ambapo mwili hukunjika, na wasiwasi kwamba kitadondoka au kitaonwa.

2. Elimu hii imetoka wapi?

Kwa polisi wa mitaani, na sehemu yake kubwa ilikuwa ya kurithishana mdomo kwa mdomo kabla ya kuingia madarasani. Mpelelezi wa New York, Robert Gallagher, alipata sifa kwa kuwafundisha askari wenzake kuitambua silaha kwa kutazama mwili tu.

Lakini kisa kilichoandika sheria ni cha Cleveland, Ohio, tarehe 31 Oktoba 1963. Mpelelezi Martin McFadden, mwenye miaka 39 katika polisi, aliwaona wanaume wawili wakipita mbele ya dirisha la duka, wakichungulia, wakirudi kunong'ona pembeni, kisha wakipita tena. Walirudia hivyo mara nyingi mno. Aliwafuata, akawauliza majina, wakajibu kwa kumung'unya maneno. Akamgeuza mmoja, John Terry, akampapasa juu ya koti, na mkono ukakutana na bastola.

Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ikaamuliwa mwaka 1968 kwa kura 8 dhidi ya 1: askari anaweza kumpapasa mtu juu ya nguo akiwa na sababu za kuamini ana silaha na ni hatari, sababu anazoweza kuzieleza kwa maneno. "Nilihisi tu" haitoshi. Ona pia kwamba McFadden hakuona uvimbe wala kiuno kilichoshikwa. Alichokisoma ni watu waliokuwa wakilipigia duka hesabu, na bastola ikafuata.

3. Kwani kubeba bastola iliyofichwa ni kosa?

Mara nyingi si kosa. Kufikia mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yanamruhusu mtu mzima asiyezuiwa na sheria abebe bila kibali chochote. Texas ilijiunga tarehe 1 Septemba 2021. Kwa hiyo ukiona ishara zote za sehemu inayofuata, umegundua labda kuna bastola. Hujagundua uhalifu. Wageni wa nchi wana sheria yao. Soma swali la 15.

## Ishara zenyewe

4. Kama ni kuchagua ishara moja tu, ipi?

Mguso. Wengi wanaofundisha kazi hii huanzia hapo. Mwenye bastola huigusa kuhakikisha ipo, kama mtu aliyetoka benki na pesa taslimu anavyojipapasa mfuko kila baada ya nyumba mbili. Hapigi wala hakuni. Huweka kiganja au kiwiko pale, sekunde moja, basi.

Wakati wa mguso ndio wenye habari. Huja mwili unapobadili mkao: akitoka kwenye gari, akiinuka kitini, akimaliza ngazi, akitoka chooni. Huja pia upepo unapoinua shati, na anapopishana na askari.

Nikupe mfano wa kaunta yangu. Jamaa anaingia saa nane usiku, anashuka kwenye gari lake pale pampu namba 4. Mguu wa kwanza ukigusa lami, mkono wa kulia unavuta ncha ya shati chini, nyuma kidogo ya nyonga. Anatembea hatua tano, kiwiko kinapita palepale. Dukani anainama kuchukua barafu kwenye friji ya chini. Hainami kiuno, anachuchumaa na mgongo umenyooka kama mwari anayefundwa. Akisimama, shati linavutwa tena. Kisha analipa, ananitakia usiku mwema, anaondoka. Miaka sita nimewaona wa hivyo mamia, na karibu wote waliondoka hivyohivyo.

5. Matembezi hubadilikaje?

Mkono wa upande wenye silaha hubembea kidogo kuliko mwenzake, au hubanwa karibu na mbavu. Mguu wa upande huo nao unaweza kupiga hatua fupi kidogo. Kwa kuwa karibu watu 9 kati ya 10 hutumia mkono wa kulia, upande wenyewe kwa kawaida ni wa kulia, mbele ya tumbo au nyuma ya nyonga.

Lipo pia la kugeuka. Ukizungumza naye, mwili wake unakaa mshazari, upande mmoja ukiwa mbali nawe. Ukihamia upande huo, naye anahama. Hili halina maana likitokea mara moja. Watu wengi husimama mshazari. Likijirudia kila unaposogea, basi kuna kitu anakilinda, japo kinaweza kuwa pochi tu.

6. Na mavazi?

Koti la baridi Houston mwezi wa Agosti, wakati hata mbwa wametafuta kivuli. Hiyo ndiyo inayotajwa na kila mtu, na ndiyo ninayoiamini kidogo zaidi: wapo wanaofanya kazi kwenye vyumba vya barafu, wapo wagonjwa, wapo vijana wenye mtindo wao.

Mimi hutazama kitambaa kinavyoning'inia. Sweta lenye mfuko wa mbele ukivutwa chini upande mmoja kama limebeba jiwe. Koti ambalo ncha moja haipeperuki upepo ukivuma, na likipeperuka linarudi na kugonga paja. Fulana iliyochomekewa pande zote isipokuwa pembe moja. Na mchoro: mtu akiinua mikono kushusha kitu rafu ya juu, kitambaa kinalala juu ya kitu na kukichora. Mpini wa bastola una kona, na kona haifanani na simu wala pochi.

7. Kwa nini wengine hushikilia suruali kila hatua?

Kwa sababu hawana ala, yaani kile kifuko maalumu cha kubebea bastola. Mwenye ala nzuri na mkanda mgumu anaweza hata kusahau kwamba amebeba. Aliyeichomeka bastola hivihivi kiunoni ana kazi ya kuipandisha mchana kutwa, na akikimbia mkono mmoja hubaki tumboni wakati wa pili unabembea peke yake. Ukimwona mtu anakimbia hivyo, hilo lina uzito kuliko koti la Agosti.

Kisa kinachojulikana ni cha Plaxico Burress, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani aliyekuwa ameipatia timu yake pointi za ushindi wa fainali kuu mwezi Februari 2008. Novemba ya mwaka huohuo aliingia klabu ya usiku Manhattan na Glock kiunoni, amevaa suruali ya mazoezi. Suruali ya mazoezi! Bastola ikateleza ndani ya mguu wa suruali, akaidaka, ikafyatuka, risasi ikampiga pajani. Hakuwa na kibali cha New York, akahukumiwa miaka 2 jela. Mlinzi wa mlango wowote atakwambia hilo lilikuwa linaonekana kabla halijatokea.

8. Wanaobeba kwenye kifundo cha mguu, mfukoni, au kwenye mkoba?

Wagumu kuwatambua. Wa kifundoni hujirekebisha pindo la suruali akikaa na hukwepa kupandisha mguu juu ya mwenzake. Wa mfukoni hubeba bastola ndogo, nyingine hazifiki gramu 300, na mara nyingi utaona tu mkono usiotoka mfukoni. Mwenye mkoba hauweki chini wala kuuning'iniza kwenye kiti mahali ambapo mtu yeyote angeuning'iniza. Zaidi ya hapo ni ramli.

9. Naweza kumtofautisha mwenye leseni na jambazi?

Kwa mwili peke yake, huwezi kwa uhakika. Kuna mielekeo tu. Mzoefu amelipia mkanda mpana na shati lenye maua au mistari ya kupoteza ule mchoro, amechagua kiti kinachotazama mlango, na akigusa, anagusa kwa kiwiko. Mgeni wa silaha, awe mhalifu au mnunuzi wa wiki iliyopita, anagusa kwa kiganja na anatazama kama umemwona. Kwa hiyo ishara nyingi huonyesha ugeni kuliko ubaya.

Kwenye sherehe zetu kipimo changu kilikuwa kukumbatiana. Sisi tukikutana tunakumbatiana kifua kwa kifua, mkono mgongoni. Mwenye bastola huja na kifua mbele na kiuno nyuma, kama anavuka dimbwi, na mkono wake wa kulia unashuka kuzuia wako usifike ubavuni. Nilimkuta mjomba wa bibi harusi hivyo. Nikamwita pembeni: "Shikamoo mzee. Ukumbi umekodishwa kwa sharti la kutoingia na silaha." Akaitikia marahaba, akacheka, akairudisha ndani ya gari na kuifungia kwenye kasha. Hakuna aliyejua mpaka leo.

Tena usisahau askari kanzu. Naye ana ishara zote hizi.

## Makosa

10. Nimeona ishara mbili au tatu kwa mtu mmoja. Si nina uhakika?

Huna. Tuna kipimo kikubwa cha jambo hili, na kimetoka New York. Kati ya Januari 2004 na Juni 2012 polisi wa jiji hilo waliwasimamisha watu mara milioni 4.4. Zaidi kidogo ya nusu walipapaswa, na silaha ilipatikana katika asilimia 1.5 tu ya mapapaso hayo. Yaani katika kila 1,000, mara 985 hapakuwa na kitu.

Na fomu zao zilijaa lugha yetu hii. Katika asilimia 42 ya visa askari alitia alama penye "mienendo ya kificho". Waliosimamishwa, asilimia 83 walikuwa weusi au wenye asili ya Kilatini. Mwaka 2013 Jaji Shira Scheindlin aliamua kwamba utaratibu ulivyoendeshwa ulivunja katiba.

Hao walikuwa na mafunzo, redio na sheria nyuma yao. Wewe na mimi tuna kaunta. Hesabu yenyewe inaeleza kwa nini: wanaojivuta shati, kubana mkono au kuvaa koti la joto ni wengi mno, na wenye bastola miongoni mwao ni wachache. Hata ishara nzuri itawanasa zaidi wasiohusika. Ukiongeza macho yanayomshuku zaidi mtu wa rangi fulani, unachosoma ni chuki yako mwenyewe.

11. Ni vitu gani hudanganya zaidi?

Pampu ya insulini ya mgonjwa wa kisukari, ambayo hukaa kiunoni na huguswa. Simu kubwa kwenye kibebeo cha mkanda. Tepu ya fundi. Mgongo mbovu, ambao humfanya mtu achuchumae badala ya kuinama. Kiharusi cha zamani, ambacho huua mbembeo wa mkono mmoja. Suruali isiyo na mkanda. Baridi.

Kosa langu mwenyewe silisahau. Mzee mmoja alikuwa akija kila Ijumaa, shati nje, mkono wa kushoto umekaa ubavuni kama umegundishwa, na kila akitoka chooni anajipapasa. Wiki tatu nilimtazama kama mwizi. Wiki ya nne alinong'ona kuniomba mfuko wa plastiki: alikuwa amefanyiwa upasuaji wa utumbo na choo chake kilikuwa kinatokea kwenye kifuko tumboni. Nilitamani ardhi ipasuke.

12. Mashine si zitatumalizia ubishi huu?

Zinasaidia mlangoni, ambapo kila mtu anapita kwa zamu. Mahali pa wazi hali ni nyingine. Mwaka 2024 New York ilijaribu mashine za kugundua silaha kwenye vituo vya treni kwa mwezi mmoja: vipimo 2,749, kengele za uongo 118, visu 12, bastola hakuna.

Uwanja wa ndege ndiyo habari ya kushangaza. Mwaka 2023 wakaguzi wa Marekani walikamata bunduki 6,737 kwenye mizigo ya mkononi, na karibu asilimia 93 zilikuwa na risasi. Jibu linalosikika sana ni "nilisahau kama imo". Aliyesahau hana wasiwasi, na asiye na wasiwasi hagusi chochote. Huyo hakuna jicho litakalomkamata.

## Ukishaona

13. Niko kaunta na nadhani mteja ana bastola. Nifanye nini?

Mhudumie. Usikodoe macho, usiulize kwa sauti, usimsemeshe mwenzako Kiswahili huku unamtazama. Hata asiyejua lugha anajua anasemwa. Kaa upande ambao una njia ya kutoka, na mikono yako ionekane.

Kinachopaswa kukubadilisha ni mwenendo, sawa na ilivyokuwa kwa McFadden: anazunguka rafu bila kuchukua kitu, anatazama kamera na mlango kuliko bidhaa, anasubiri wateja watoke, mwenzake amebaki kwenye gari linalonguruma. Yakikusanyika na mkono usiotoka kiunoni, ondoka kaunta kwa kisingizio chochote. Mimi huenda "kuangalia kahawa".

Mwenye duka asiyetaka bastola ndani anaweza kubandika bango la kisheria. Texas bango la kumzuia mwenye leseni aliyeficha bastola huitwa 30.06, kwa namba ya kifungu, na lazima liandikwe Kiingereza na Kihispania kwa herufi zisizopungua inchi 1. Karatasi ya kuchapisha nyumbani yenye picha ya bastola iliyokatwa mstari si bango la 30.06.

14. Nipige 911?

Namba hiyo ya dharura ipige ikiwa silaha imetolewa, mtu ametishwa, au mwenendo wa swali la 13 umekamilika. Sema ulichokiona, si ulichokitafsiri. "Ana mkono chini ya shati tangu aingie, amevaa fulana ya kijani, yuko mlango wa nyuma." Usiseme "ana bunduki" kama hujaiona bunduki.

Maneno hayo yanaua. Mwezi Agosti 2014, kwenye duka kubwa la Beavercreek, Ohio, mteja alipiga 911 akisema mtu anawaelekezea watu bunduki. Alikuwa kijana wa miaka 22 aliyeshika bunduki ya hewa iliyokuwa ikiuzwa kwenye rafu za duka hilohilo, akizungumza na simu. Askari walifika, wakampiga risasi, akafa.

15. Na mimi mhamiaji je: naweza kubeba? Askari wa barabarani akinisimamisha?

Tuanze na viza. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa sheria ya taifa haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Adhabu inaweza kufika miaka 15. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, lakini hatia ya kosa la bunduki inaweza kumfukuzisha nchini. Ukiwa na shaka, muone wakili wa uhamiaji kabla ya kwenda hata kulenga shabaha na marafiki.

Ukisimamishwa, zima gari, washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani. Texas, mwenye leseni ya bastola aliyebeba akiombwa kitambulisho anatakiwa atoe na leseni hiyo. Usipeleke mkono popote kabla hujasema unaupeleka wapi na kukubaliwa. Philando Castile, Minnesota, tarehe 6 Julai 2016, alikuwa na kibali na alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Aliuawa akiwa kitini, na askari akaachiwa huru na mahakama.

Na usidhani kutokuwa na bastola kunakulinda. Amadou Diallo, kijana wa Guinea, aliuawa Bronx tarehe 4 Februari 1999 mlangoni kwake na askari kanzu wanne. Walifyatua risasi 41. Alichokuwa amekitoa ni pochi.

16. Ishara hizi zinafanya kazi nyumbani?

Mwili ni uleule. Kinachobadilika ni nani anayebeba. Kenya raia hupewa leseni chini ya sheria yake ya silaha, Sura ya 114, Tanzania chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015, na wote ni wachache. Kwa hiyo ukiona "mguu wa kuku" umetuna kiunoni mwa mtu Kariakoo, uwezekano wa kwanza ni askari kanzu. Nairobi, tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, mlango wa duka kubwa bila mlinzi mwenye kipimo cha chuma umekuwa ajabu, na mtu anayeonyesha wasiwasi huko nje, kabla hajafika mlangoni, ana maana zaidi kuliko Houston. Kosa la swali la 10 liko palepale.

17. Nimeikuta bastola kwenye choo cha duka. Sasa?

Hutokea kuliko mnavyodhani. Mtu akishusha suruali, ala inalegea, anaiweka bastola juu ya kibebeo cha karatasi, anasahau. Mwaka 2015 bastola za askari wanaolinda Bunge la Marekani zilikutwa vyooni, na mojawapo iliokotwa na mtoto.

Usiiguse, hata kwa kitambaa, hata kuisogeza. Bastola nyingi za sasa, Glock zikiwamo, hazina kitufe cha usalama cha kubonyeza. Kidole kikiingia kwenye kifyatulio imetoka. Funga mlango wa choo, simama nje usimruhusu mtu kuingia, mtume mwenzako apige simu polisi. Mwenyewe atarudi ndani ya dakika kumi, ametoa macho, mkono unapapasa kiuno kitupu. Usimwingize. Mwambie polisi wako njiani, na asubiri pale penye kamera.